Nge na Ngali

Watu wengi hudhani ya kuwa -nge- na -ngali- ni kitu kimoja, na ya kuwa hiyo ya pili ni ya vitabu vya zamani tu. Ni kweli, redio na magazeti siku hizi hutumia -nge- kwa yote mawili, na wengine husema -ngeli-. Mimi sikubaliani nao, ndugu msomaji, na sababu yangu ni hii.

Twaa kitendo chepesi, kuhama. "Tungehama, tungepona": hatujahama, lakini njia bado i wazi. "Tungalihama, tungalipona": wakati umekwisha kupita, wala hakuna awezaye kuurudisha. Tena angalia kwamba kiungo kile kile huwekwa pande zote mbili za sentensi. Wahispania hawafanyi hivyo: husema hablara kwa "kama ningesema", bali upande wa jibu hutumia namna nyingine, hablaría. Hata hivyo hao nao hupambanua lililopita, wakisema hubiera hablado, "kama ningalisema". Katika kukanusha twasema tusingehama, tusingalihama. Wengine husema hatungehama, nayo si kosa.

Huku Mbulu na Hanang watoto wengi hutoka nyumbani na Kiiraqw au Kidatoga, ambazo si lugha za Kibantu. Basi viungo hivi vidogo huwapasa kujifunza darasani, na mwalimu asivipite mbio.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na miti vikashuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mwaka uliofuata nilikuwa nikifundisha somo hili, na mvulana mmoja akauliza kuna haja gani ya viungo viwili, hali -nge- yatosha. Sikumjibu. Niliwaambia wote waandike sentensi mbili, moja kwa kila kiungo. Wengi waliandika habari za mvua na mahindi, kama ilivyo desturi. Msichana mmoja, ambaye jamaa zake wakaa chini ya mlima, aliandika: "Babu angalihama, angalipona. Bibi angehama, ningelala usingizi."

Nilimwomba ruhusa, nikaziandika ubaoni.