Kibanda cha Uani, Nyamira

Msafiri atokaye pwani huijua nchi ya Wagusii kwa baridi kabla ya kuijua kwa macho. Basi likishapita Narok na Bomet, likaanza kupanda na kuteremka vilima baada ya Sotik, madirisha hufungwa moja baada ya jingine, na kanga iliyotutosha Mombasa huwa haitoshi tena. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, uko juu zaidi. Asubuhi kuna ukungu, adhuhuri jua, alasiri mvua. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 1,500, na mwezi mkavu kama tuujuavyo sisi wa pwani ni nadra kuonekana.

Jambo la pili limshangazalo mgeni ni kwamba hakuna ardhi iliyokaa bure. Chai, migomba, mahindi, kisha nyumba, kisha chai tena. Katika sensa ya 2019 Kaunti ya Kisii ilihesabiwa watu 1,266,860, ambao ni zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, na Nyamira watu 605,576. Shamba la babu hugawanywa kwa wana, la wana kwa wajukuu, na kila fungu hukatwa kama utepe: kichwa chake barabarani juu ya kilima, mkia wake kijitoni bondeni, ili kila mrithi apate njia na apate maji.

Katika utepe mmoja wa namna hiyo, upande wa Nyamira, ndiko alikozaliwa wifi yetu, mke wa kaka yetu. Tulikwenda huko likizo ya Desemba, watu saba: kaka na mkewe, watoto wao watatu, na sisi dada zake wawili. Mama yake wifi ni mjane, Msabato kama walivyo wengi wa nchi ile, na ni mkulima wa mboga mwenye sifa. Bustani yake ya mgagani, ambao wao huuita chinsaga, na ya mnavu, iko nyuma ya jiko. Alikuwa na ombi moja tu kwa watoto wake: ajengewe kibanda pale uani, cha kuwekea majembe na mbegu, na cha kukaa mvua imkutapo bustanini. Alikwisha kuliomba mwaka uliotangulia, na ule wa kabla yake.

Kisa cha kuchelewa hakikuwa fedha peke yake. Chini kabisa ya shamba, kando ya chemchemi, ilisimama mikaratusi kumi na mitano, mirefu, iliyopandwa na mwanawe mkubwa. Mkaratusi hukua upesi na huuzwa kwa nguzo, kwa mbao na kwa kuni za kukaushia majani katika viwanda vya chai. Lakini ni mti wenye kiu. Mama alisema kwamba zamani ndoo ilijaa kabla hajamaliza kufunga kilemba, na sasa angeweza kwenda kuchuma mboga na kurudi akaikuta nusu. Habari hii si ya boma lile pekee. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati ule, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyopandwa penye vyanzo vya maji ing'olewe, na milima ya Gusii ilikuwa miongoni mwa mahali palipotajwa sana. Apitaye leo mabondeni ataiona mingi ingali imesimama.

Usiku wa pili shauri lilikaliwa jikoni, karibu na moto. Mama akasema kibanda kijengwe kwa miti ile ile.

“Mama,” akajibu mwanawe kwa upole, “ile ndiyo karo ya kitinda mimba wangu. Yuko kidato cha pili.”

“Najua, mwanangu. Nami chemchemi ile ndiyo iliyokulea.”

Hapakuwa na mwenye kosa katika maneno yale, na ndiyo maana yalikuwa mazito. Wifi yetu alinyamaza. Binti aliyeolewa mbali hupima maneno yake katika mambo ya shamba la kwao. Kaka yetu hakuwamo kabisa, na sababu yake inastahili kuelezwa.

Wagusii wana adabu waiitayo chinsoni, yaani haya na heshima baina ya watu wa vizazi viwili, na iliyo kali zaidi ni ile ya mkwe wa kiume na mama mkwe. Wifi alitueleza kwamba hawapeani mikono, na mkwe haingii ovyo ndani ya nyumba ya mama mkwe wake. Kwa miaka tisa kaka yetu alikuwa akikaribishwa nje, chini ya mparachichi, kwa chai na maneno machache. Sisi tunaojua maana ya haya hatukuona ajabu, ila tulisikitika kidogo kwa ajili ya wote wawili, maana wanapendana.

Asubuhi yake mtoto mkubwa aliteremka bondeni na shoka, akarudi akasema ameitia alama mikaratusi minne, ile iliyo karibu zaidi na maji. Minne tu. Mama akaitikia kwa kichwa, na kazi ikaanza.

Juma letu la kazi lilikuwa na umbo lake. Jumamosi hakuna aliyeshika jembe, kwa kuwa ni Sabato ya wenyeji wetu. Ijumaa tulikoma mapema ili tuwahi msikiti wa mjini Kisii, ambako Waislamu wamekaa vizazi vingi, wakiwemo Wanubi, wajukuu wa askari wa zamani, ambao mtaa mmoja wa mji huo unaitwa Nubia kwa ajili yao. Mama alikuwa na kuku wawili tayari kila jioni ya Jumapili, na humsubiri kaka yetu awachinje. Hilo hatukumwomba.

Kwa wasomaji watakaotaka kujenga cha kwao, tueleze kwa ufupi. Kibanda ni cha futi 8 kwa 10. Miti ilimenywa maganda siku ile ile ilipoangushwa, kwani ikikauka ganda halitoki kwa amani. Nguzo sita zilichomwa kwa moto sehemu ya kuzikwa, hadi zikawa nyeusi, kwa ajili ya mchwa, zikasimamishwa katika mashimo ya futi mbili. Kwetu boriti ya mkandaa haihitaji taabu hiyo. Huko mvua haingoji, basi paa hutangulia: mapaa, mabati, mfereji ukingoni, kiambaza hufuata kikiwa tayari kina mwavuli. Fito zilipigiliwa kwa mlalo ndani na nje ya nguzo, na udongo mwekundu ukashindiliwa katikati.

Udongo ndio uliowaleta wote. Watoto waliukanyaga wakiimba, wake wa majirani walifika na ndoo, na hata mtoto mkubwa, ambaye siku mbili alifanya kazi kimya, alivua viatu. Kazi hii huwa na pande mbili: mmoja husukuma tope kutoka nje, mwingine hulipokea kutoka ndani, na wasipopatana ukuta hufanya tumbo. Bila mtu kupanga, Mama alijikuta ndani na kaka yetu nje, wakikandika ukuta mmoja. Hawakuonana, lakini tulisikia sauti zao kupitia fito: lete hapa, bado kidogo, basi, inatosha baba. Waliukandika ukuta wa nyuma wote, tangu saa tatu hadi adhuhuri. Wifi yetu alikuwa akipepeta mahindi, na tulimwona akijifuta macho, akasingizia vumbi.

Udongo wa kwanza uliachwa ukauke siku kumi na mbili, ukapasuka kama utakiwavyo, kisha ukaja wa pili. Desturi ya huko ni kuchanganya na kinyesi cha ng'ombe. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunakihesabu najisi, nasi tulitaraji kusali humo mvua ikitukuta. Tulilisema kwa haya. Mama akacheka, akasema jivu na mchanga hufanya kazi hiyo pia, akaongeza jivu mwenyewe.

Wakati ukuta unakauka, tuliteremka Tabaka, Mugirango Kusini, kusini-magharibi mwa mji wa Kisii, kuliko na machimbo ya jiwe la sabuni. Jina limetokana na ulaini wake. Panga hulikata, kisu hulichonga. Liko jeupe, la waridi, la kijivu, na huchimbwa kwa mikono katika mashimo makubwa. Ndiko alikotoka mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye kazi yake imefika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Wanaume huchonga, wanawake hukaa na karai la maji, wakisugua kwa msasa hadi jiwe ling'ae. Sehemu kubwa ya thamani ya kinyago tununuacho Mombasa imo katika vidole vya wanawake hao, na kwa maoni yetu malipo yao hayalingani na kazi. Mmoja alituonya tusiwaache watoto wasugue jiwe kavu: vumbi lake huingia mapafuni.

Tulinunua gunia la vipande vilivyobaki katika uchongaji. Watoto walivisugua ndani ya maji siku mbili, wakavipanga kuzunguka mlango, cheupe kwa cha waridi, huku binti wa kaka akichora kwanza kwa mkaa mistari aliyoikumbuka katika milango ya Lamu. Nasi tukaomba jambo moja la kwetu: vidaka. Kabla ukuta haujakauka tulikata vitatu upande wa ndani, kama vile vya nyumba za mawe, na leo vinakaa vibuyu vya mbegu za mgagani badala ya sahani za kichina. Watoto walikuwa wamenunua pia kiboko mdogo wa jiwe. Tuliwaambia nakshi yetu iwe ya mistari na majani, bila sura za viumbe. Mama alimchukua kiboko yule, akamweka katika kidaka cha kati. Kibanda ni chake, hatukusema neno.

Kilichofaa kuliko nakshi zote ni mfereji. Bati letu lina futi 10 kwa 12, karibu mita mraba 11, na kila milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 20, ambayo huko ni ya kawaida, hutoa zaidi ya lita 200, yaani pipa zima. Tuliweka mapipa mawili. Mvua ya kwanza ilikuja na mawe, bati likapiga kelele hata hatukusikizana, na mapipa yote yalifurika kabla ya magharibi. Mtoto mkubwa alisimama mlangoni akiyatazama, kisha akateremka bondeni peke yake na hakurudi hadi giza.

Tangu turudi Mombasa wifi hupiga simu kwao kila Jumapili. Mama hunywesha bustani kwa maji ya bati, na chemchemi ameiachia ya kunywa. Kaka yetu akienda huko hunywa chai kibandani. Mama hukaa upande wa mbegu, yeye upande wa majembe. Mikaratusi kumi na mmoja ingali imesimama. Mwenyewe amesema itakaa hadi mtoto amalize kidato cha nne, na amekwisha kuuliza bei ya miche ya mianzi.