Zimwi halina jina

Wengi wenu mukisikia jina Frankenstein munafikiri ni lile zimwi la filme, lenye kichwa bapa na vyuma shingoni. Kumbe jina hilo ni la mwanaume kijana mwenye kusoma sana, Victor Frankenstein, aliyeliumba. Zimwi lenyewe halina jina tangu mwanzo wa kitabu hadi mwisho. Hakuna aliyelipa.

Katika kikundi chetu tumesoma vitabu kadhaa vya hadisi za sayansi, kwa Kifaransa. Jules Verne anatufurahisha, isipokuwa *Cinq semaines en ballon* ya 1863. Humo wazungu watatu wanapanda puto Unguja, wanavuka Afrika kwa angani, na kuchekelea kwamba kati ya nyani na watu weusi tofauti si kubwa. Mwandishi alikuwa hajakanyaga huku. Katika Nautilus, chombo chake cha chini ya bahari, hakuna mwanamke hata mmoja, na mpishi ni mwanaume: kipande hicho tungependa waume zetu wakisome. Kile cha Huxley cha 1932, *Le Meilleur des mondes*, kinakuza watoto ndani ya chupa, na neno «mama» limekuwa la aibu. Mmoja wetu alisema, ikiwa uchungu wa kuzaa umeondoka, basi asifiwe! Wengine tulikataa. Ni kitabu chenye akili, lakini kina baridi.

Frankenstein ndicho kilitushika. Mary Shelley alikianza 1816, akiwa na miaka 18, kikatoka London 1818 bila jina lake. Mama yake alikufa siku chache baada ya kumzaa. Yeye mwenyewe alikuwa ameisha kuzika mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa mbele ya wakati.

Watu husema kitabu kinaonya juu ya sayansi iliyopita mpaka. Sisi hatusomi hivyo. Kosa la Victor halikuwa kuumba. Kiumbe kilipofungua macho, alitoka mbio. Kilipomfuata kitandani na kumnyoshea mkono, akakimbia tena. Basi kikaenda kujifunza kusema kwa kusikiliza jamaa moja kupitia ufa wa ukuta, na usiku kikawatafutia kuni kwa siri. Ni mzee kipofu tu aliyekipokea vizuri. Wenye macho walikifukuza kwa fimbo. Baadaye kikaua, hata mtoto mdogo, ndugu ya Victor. Hatukitetei: kuua ni kuua. Lakini mbele ya hapo kilikuwa kinabeba kuni.

Kwetu mitaani tunamjua Victor. Alienda kwenye machimbo ao mji mwingine siku tumbo la binti lilipoonekana, na mtoto anaitwa «wa nani?» Sheria ya jamaa ya nchi yetu, ya 1987, inasema hakuna mwenye haki ya kukataa mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa ao inje. Na kumwandikisha ndani ya siku 90 ni bure.

Vijana wawili wa mtaa wameomba kuazima kitabu. Tumempa kwanza yule ambaye mtoto wake ana miezi miwili na hajafika bado komini.