Njia Haijapatikana

Leo siandiki kuhusu lugha mpya ya programu wala simu mpya. Nataka kuwasimulia jinsi tarakilishi yangu ilivyoninyima likizo, na kwa nini mpaka leo naishukuru.

Ndugu yangu mkubwa anaishi karibu na Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Anafanya kazi ya zamu ya usiku katika makao ya wazee. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka tisa. Katikati ya 2023 akanipigia simu: "Mdogo wangu, nimepata wiki moja ya mapumziko Januari. Njoo. Safari hii hatukai nyumbani kutazama runinga. Tunakwenda kaskazini kwenye maziwa, tupande pikipiki za theluji."

Kwa asiyeijua, pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina skii mbili za kuiongozea, na nyuma mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama ule wa tingatinga. Minnesota ina zaidi ya kilomita 35,000 za njia za mashine hizi, na nyingi hutunzwa na vilabu vya wenyeji. Usiku, baridi inapozidi na waendeshaji wamelala, trekta hupita likiburuta fremu nzito yenye visu. Hukata matuta na kushindilia theluji, kisha theluji ile huachwa saa kadhaa igande. Asubuhi njia inakuwa laini kama lami mpya. Njia moja, Taconite, hutoka Grand Rapids hadi Ely, kilomita 265 hivi za misitu na maziwa. Hiyo ndiyo tuliyoichagua.

Sasa, mimi ni mtu wa programu. Nikipewa ramani siwezi kuitazama tu nikaridhika! Nikakusanya faili za njia za eneo lile. Kila makutano nikayafanya nukta, kila kipande cha njia kikawa mstari wenye urefu wake. Kisha nikatumia mbinu ya Dijkstra ya kutafuta njia fupi, aliyoichapisha 1959, mwaka uleule ambao Bombardier wa Kanada alianza kuuza Ski-Doo. Nikaona hiyo ni dalili njema.

Nikaweka masharti. Tusipite kilomita 120 bila kujaza mafuta. Giza lisitukute njiani, maana Januari jua kule huzama mapema. Kasi ikadiriwe kilomita 40 kwa saa kwa sababu ya mgeni kama mimi, ingawa sheria inaruhusu 80. Nikabonyeza, na kwa sekunde moja nikapata ratiba ya siku nne. Siku ya pili programu ilikuwa imegundua njia ya mkato iliyotuokolea kilomita 30. Nilijivuna kweli kweli.

Ndugu yangu akaichapa ile ratiba na kuipeleka kwa mzee aliyekuwa atukodishie mashine. Mzee akaweka kidole kwenye ule mkato na kuuliza swali moja tu: "Huu mstari ulipimwa lini?"

Mkato wenyewe ulikuwa unavuka ziwa. Mtu fulani aliwahi kupita pale Februari ya mwaka mwingine, simu yake ikarekodi, na mimi nikaichukua rekodi ile kama barabara. Mzee akaeleza kuwa upande ule mto huingia ziwani, na maji yanayotembea hula barafu kwa chini. Juu unaona theluji nyeupe, safi, sawa na kwingine kote.

Usiku huo nilisoma mwongozo wa Idara ya Maliasili ya Minnesota. Mtu anayetembea kwa miguu anahitaji barafu safi ya sentimita 10. Pikipiki ya theluji inahitaji 13 hadi 18. Ikiwa barafu ni nyeupe, zidisha mara mbili. Pima tena kila baada ya mita 45 hivi, na hata hivyo hakuna barafu iliyo salama kabisa. Programu yangu ilijua urefu wa kila mstari, lakini haikujua unene wa hata mmoja.

Nikaiandika upya. Kipande chochote kinachovuka maji kikawa kimefungwa, mpaka kiwe na kipimo cha barafu cha siku tatu zilizopita. Njia za nchi kavu nazo zikafungwa mpaka klabu husika itangaze kuwa imefungua. Nikamtumia ndugu yangu. Akajibu, "Safi sana."

Wiki mbili kabla ya safari nikaiendesha. Ikajibu: "Njia haijapatikana."

Nilidhani ni hitilafu. Nilikesha usiku mbili nikipekua msimbo mstari kwa mstari. Haikuwa hitilafu. Majira yale ya baridi ya 2023-24 yalikuja kuwa yenye joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minnesota. Theluji haikuja, na trekta haliwezi kulainisha theluji isiyokuwepo. Njia nyingi hazikufunguliwa.

Ndugu yangu hakutaka kusikia. "Tumeshalipa arubuni. Likizo ni hii moja. Maziwa yana barafu, tupite hayo basi." Nikamwambia, kaka, sheria hii tuliiweka tukiwa hatuna haraka. Akanyamaza, kisha akakata simu. Tarehe 29 Desemba 2023 kipande cha barafu kilimeguka katika ziwa la Upper Red, na watu zaidi ya 100 waliokuwa wakivua samaki wakaokolewa. Wengi wao walilijua ziwa lile kuliko sisi. Jioni yake akanitumia ujumbe wa neno moja: "Ahirisha."

Pesa za arubuni zilipotea. Tiketi ya ndege ilikuwa tayari, kwa hiyo nikaenda. Tulipanda gari lake hadi kaskazini tukasimama pale njia inapoanzia. Nyasi kavu za kahawia, na kibao cha kusema pamefungwa. Ndugu yangu akacheka mpaka akashika magoti. Tulikunywa chai ya chupa ndani ya gari na kuzungumza mpaka giza likaingia. Miaka tisa ni mingi, wajameni.

Sasa tunapanga tena. Nimeongeza kitu kimoja: kando ya kila kipande cha njia programu inaandika tarehe kilipokaguliwa na aliyekikagua. Pasipo na tarehe, hatupiti.

Haya, tuonane wakati mwingine.