Saa ni ya Katonga

Mchezo wetu wa maswali ulikuwa unaanza saa tatu usiku, na ugomvi wa kwanza ulihusu hiyo saa tatu yenyewe: saa tatu ya nani? Sisi wa Katonga, hapa Kigoma, tukiwa saa tatu, binamu zetu wa Uvira na Kalemie, ng'ambo ya maji tu, wako saa mbili, na wa Bujumbura vilevile. Mjomba aliyeko Muscat kwake imeshafika saa nne, kesho ana kazi, anataka kulala. Watu wa ziwa moja, lakini ilibidi tuandike juu kabisa ya kundi la WhatsApp, kwa herufi kubwa: SAA NI YA KATONGA. Wa ng'ambo walikubali shingo upande.

Ilikuwa mwaka 2024, ziwa lilipofungwa. Nchi nne zenye Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana lipumzishwe, na kwetu uvuvi ukasimama kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Mvuvi wa Katonga amezoea kukaa nyumbani siku za mbalamwezi. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haimvuti tena, kwa hiyo watu hulala, hushona nyavu, hugombana na wake zao, kisha giza linarudi na wao wanarudi majini. Hizo ni siku chache. Miezi mitatu hakuna aliyejua inakaliwaje.

Mimi nilikuwa na kibanda karibu na mwalo, nachaji simu na kutoa pesa. Pesa zilikoma kutoka ndani ya wiki chache, kwa sababu hakuna aliyezitia. Simu zikaendelea kuja kuchajiwa, maana mtu asiye na kazi anaimaliza betri kabla ya adhuhuri. Akina mama wa dagaa walikaa chini ya vichanja vitupu wakisukana nywele. Wanaume walitandaza nyavu mchangani, simu imeegemezwa kwenye boya, jicho moja kwenye sindano na jingine kwenye kioo.

Kundi lenyewe lilikuwepo zamani. Lilianzishwa kwa ajili ya bei: leo dagaa wameshuka wangapi, sado, kile kindoo cha kupimia, inakwenda kwa kiasi gani, gari la mzigo linaondoka lini. Bei zilipokosekana likabaki la salamu na picha za maua zenye maneno ya asubuhi njema. Nafikiri ni hizo picha za maua zilizomchosha fundi wetu wa mashine za boti, kwa sababu usiku mmoja alirusha swali bila salamu: mji mkuu wa Australia ni upi? Karibu kundi zima likaandika Sydney. Alituacha tujibu mpaka tukaisha, ndipo akaandika Canberra. Palikuwa na vicheko, matusi ya kirafiki, na mtu mmoja aliyeapa kwamba shuleni alifundishwa Sydney na mwalimu aliyesoma Makerere. Kesho yake watu wakadai swali jingine.

Wengi hudhani mchezo wa namna hii unahitaji maswali tu. Maswali ndiyo rahisi. Kazi iko kwenye haki. Mwanzo tulisema anayejibu wa kwanza ndiye mshindi, tukagundua kwamba mtandao ukisuasua hakuna wa kwanza. Kwenye simu yangu fundi alikuwa ametangulia. Kwenye simu ya binamu wa Uvira, ni yeye binamu aliyetangulia, na fundi alionekana chini yake. Wote wawili walituma skrinshoti, na zote mbili zilikuwa za kweli, kwa maana kila simu hupanga ujumbe jinsi unavyoifikia. Aliyekaa juu karibu na mnara alikuwa anashinda, aliyekaa chini ya kilima anaonekana mjinga.

Tukajaribu kura. WhatsApp iliweka kura mwishoni mwa mwaka 2022, na tulizitumia kwa michango ya misiba, kwa hiyo tulizijua. Unaandika swali, unaweka majibu manne, watu wanagusa. Lakini kura za WhatsApp zinaonyesha nani kagusa wapi, hapohapo. Dada mmoja mwalimu wa shule ya msingi alikuwa anajua mambo, basi watu wakawa wanangoja aguse yeye kwanza, halafu wote wanamfuata kama kuku. Usiku mmoja aligusa jibu la uongo kwa makusudi, akasubiri kundi zima limwagike pale, kisha akahama. Kura tukaziacha.

Halafu mjomba wa Muscat, kwa wema wake, akatoa zawadi: vocha kwa mshindi wa kila wiki. Hapo ndipo mchezo ulipotaka kufa. Majibu yakaanza kuja yamenyooka mno, na Kiswahili cha kutafsiriwa na mashine, mtu amenakili Google mpaka na nukta zake. Watu wazima walirushiana maneno kwa ajili ya vocha ya bei ya soda mbili. Dada mwalimu alimwandikia mjomba kwa adabu zote: shikamoo mjomba, tunaomba zawadi isitishwe. Alisitisha, nadhani kwa furaha. Kilichofuata ndicho kilichodumu. Muulizaji anarusha swali saa tatu, kila mtu anamtumia jibu lake pembeni, kwa maandishi au kwa sauti, na saa tatu na nusu muulizaji anamwaga majibu yote mbele ya watu, ya akili na ya kuchekesha. Aliyepata ndiye anayeuliza kesho. Malipo ni hiyo zamu ya kuuliza, na niliona watu wakiitaka kuliko vocha.

Google tulimshinda kwa njia nyingine: tuliacha miji mikuu tukarudi nyumbani. Hapo ndipo penye utamu, na hapo nitakaa kidogo.

Swali la fundi: MV Liemba ilijengwa wapi? Wakati huo Liemba ilikuwa imeegeshwa bandarini Kigoma, haisafiri, kila mtu akipita anaiona. Nusu walijibu Ujerumani, nusu Kigoma. Wa Ujerumani walikuwa na ushahidi: iliundwa Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi huku. Wa Kigoma wakasema ndiyo hivyo, imeungwa hapa, misumari imepigwa hapa, imeshushwa majini hapa mwaka 1915. Mzee mmoja mshona nyavu alituma sauti, nyuma yake mbuzi analia: "Wanangu, kitu kilicho kwenye makasha hakiitwi meli. Ni vyuma." Dada mwalimu akajibu kwamba Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 huku injini zimepakwa grisi, na Waingereza walipoiopoa ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya, je, mzee anataka tuhesabu na kuzaliwa kwa pili? Mzee akasema huko nako ni Kigoma. Tuliwapa wote alama.

Swali la Stanley na Livingstone kila mtoto wa Ujiji analijua, mwaka 1871, chini ya mwembe, hakuna wa kukosa. Kwa hiyo dada mwalimu aliuliza la pembeni yake: ni nani aliyekimbia kumwambia Livingstone kwamba kuna Mzungu anakuja? Kimya kirefu. Jibu ni Susi, mtumishi wake, ambaye baadaye, pamoja na Chuma na wenzao, aliubeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo mpaka pwani. Watu waliopita kwenye mnara wa kumbukumbu pale Ujiji tangu utotoni walikuwa hawajawahi kujiuliza kama palikuwa na mtu mwingine pale zaidi ya wale wawili waliovua kofia.

Lakini swali lililotukesha ni hili: maji ya ziwa letu yanatoka nje kwa mto gani? Wengi walisema Malagarasi. Mto mkubwa, wameuvuka, wanaujua. Wazee wakapiga kelele: Malagarasi unaingia! Wengine wakasema Rusizi. Dada mwalimu akaeleza kwamba jambo hilohilo liliwapandisha Stanley na Livingstone mtumbwini mwaka uleule wa 1871 hadi mdomo wa Rusizi, wakakuta nao unaingia. Binamu wa Kalemie ndiye aliyekuwa na jibu mlangoni kwake: Lukuga. Hatukumwamini. Asubuhi alituma video fupi: mkono unatupa ganda la ndizi mtoni, ganda linazunguka mara moja, kisha linakwenda zake upande wa magharibi, ziwa likibaki nyuma. Kutoka Lukuga linaingia Lualaba, kisha mto Kongo, kisha Atlantiki. Mchana kutwa mwaloni watu waliongea habari za ganda lile. Mtu wa Katonga anaishi karibu kabisa na mpaka wa magharibi wa Tanzania, treni ya kwenda Bahari ya Hindi inaanzia hapo mjini, na bado maji anayonawia uso yanaelekea bahari nyingine kabisa.

Bibi mmoja muuza dagaa hakuwa anasoma. Mjukuu wake wa kike alimsomea swali, kisha akamshikia simu mdomoni, na kwenye sauti zake ulisikia mtoto akinong'ona, "Bibi, achia sasa, inatosha." Alipopata zamu kwa swali moja la migebuka, aliuliza hivi: utajuaje dagaa amekauka sawasawa, si juu tu? Vijana wakaingia Google, wakarudi na habari za protini na madini ya chokaa. Wengine wakasema rangi, wengine harufu. Aliyepata peke yake ni mjomba wa Muscat, aliyeondoka Ujiji kijana na hajashika dagaa wa chanjani kwa miaka mingi: unamvunja mgongo, akipinda mrudishe juani, akikatika na kulia, mfunge gunia. Bibi akauliza kwa sauti ya ukali, "Huyu ni mtoto wa nani?" Akatajiwa. "Aa. Mama yake tulikuwa tunaanika pamoja," akasema, na sauti ikakatwa hapo na mjukuu.

Tarehe 15 Agosti ziwa likafunguliwa. Wiki ile hakuna aliyegusa mchezo. Kundi likajaa bei tena, watu wanauliza sado, wanauliza magunia, mtu ametuma picha ya migebuka waliopangwa kwenye mtumbwi mpaka juu. Kibanda changu kikaanza kutoa pesa. Mjomba, ambaye kwake hakuna kilichofunguliwa wala kufungwa, aliendelea kurusha swali lake kila usiku, saa tatu ya Katonga, kama kawaida. Mara moja aliuliza ni nchi gani kati ya zile nne yenye kipande kidogo kuliko zote cha ziwa. Wakati huo wavuvi wako katikati ya maji, mtandao hakuna. Jibu la fundi lilifika saa kumi na mbili asubuhi, injini inanguruma nyuma: "Zambia, mjomba. Shikamoo. Nikuwekee sado ngapi?"