Ng'ombe Watapita Wapi?

Nilifika Askernish nikiwa na fimbo saba za kuazima, koti lisilofua dafu mbele ya mvua, na dhana ya siku nyingi kwamba gofu ni mchezo wa watu waliozungushia ardhi uzio. Dhana hiyo sikuiokota njiani. Katika miji yetu mingi uwanja wa gofu ni ukijani unaouona kupitia waya, ukiwa ndani ya daladala iliyokwama kwenye foleni. Mimi mwenyewe nilijifunza kucheza ukubwani, nilipokuwa nikisoma Glasgow. Huko niliwakuta mafundi bomba na madereva wa mabasi wakicheza jioni baada ya kazi, nami nikafuata mkumbo. Hata hivyo, uzio ulibaki kichwani mwangu.

Askernish ni mahali padogo katika kisiwa cha South Uist, magharibi mwa Uskoti. Kutoka Mallaig unapanda kivuko hadi Lochboisdale, safari ya zaidi ya saa tatu bahari ikiwa tulivu, kisha unakwenda mwendo mfupi kwa gari. Si uwanja unaotajwa pamoja na St Andrews. Lakini aliyeuchora mwaka 1891 ni mtu wa St Andrews, Old Tom Morris, bingwa mara nne wa mashindano ya Open na mmoja wa wabunifu wa viwanja waliosifika zaidi katika karne ya 19.

Ubunifu wake ndio ulionivuta. Zama hizo hapakuwa na tingatinga la kusawazisha vilima. Mbunifu alitembea, akatazama upepo unakotoka na maji yanakokwenda, akatafuta mahali ambapo nyasi zimeota fupi na ardhi imejitandaza yenyewe, akasema shimo liwe hapa. Mashimo ya mwanzo pale Askernish yanapita kwenye tambarare. Kuanzia la 7 unaingia katika vilima vya mchanga, Atlantiki ikinguruma upande wa magharibi, na kusini, mawingu yakifunguka, unakiona kisiwa cha Barra. Shimo la 16 huitwa Mimbari ya Old Tom, kwa kuwa uga wake umeketi juu kama mahali pa mhubiri. Nilipiga mpira nikadhani nimefika. Ukasita ukingoni, ukateremka taratibu. Nilipiga tena, nikahubiriwa mara ya pili.

Msomaji asiyecheza gofu ataniuliza habari hizi zamhusu nini. Naomba avumilie, kwani chini ya nyasi zile kuna historia.

Ardhi ile wenyeji huiita machair kwa Kigaeli: uwanda wa nyasi uliorutubishwa na mchanga wa kombe unaopeperushwa kutoka ufukweni. Kwa vizazi vingi wakulima wadogo wa kisiwa wamelima vipande vyao humo na kulisha mifugo yao kwa pamoja. Mwaka 1838 kisiwa kilinunuliwa na Kanali Gordon wa Cluny. Mwaka 1851, baada ya miaka ya njaa, aliwapakia melini zaidi ya watu 1,500 kutoka South Uist na Barra na kuwapeleka Kanada, wengi wao bila ridhaa. Mali hiyo baadaye ikamfikia mkwewe, Lady Gordon Cathcart. Yeye ndiye mmiliki wa kisiwa uwanja ulipochorwa. Mwaka 1908, mwaka uleule aliofariki Old Tom Morris, wanaume 10 wasio na ardhi walifungwa gerezani kwa kujenga na kulima Vatersay, kisiwa kingine cha bibi huyohuyo.

Basi tusidanganywe na uzuri. Mchoraji aliiheshimu ardhi. Waliomwita hawakuwaheshimu watu wake. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika shamba moja bila kusalimiana.

Katika karne ya 20 sehemu kubwa ya uwanja ilimezwa na vilima. Mnamo Desemba 2005 Gordon Irvine, mtaalamu wa viwanja, alitembea kwenye mchanga ule akiwa na wenyeji, akaanza kuyaona tena mapito ya mchezo. Ramani ya Morris hawakuwa nayo, hivyo nao ilibidi waisome ardhi. Wakati huohuo jambo kubwa zaidi lilikuwa likitendeka. Mwishoni mwa 2006 wakazi wa South Uist na visiwa jirani, kupitia kampuni yao ya kijamii iitwayo Stòras Uibhist, waliinunua ardhi yao, ekari zipatazo 93,000. Uwanja ulifunguliwa upya mwaka 2008, safari hii mwenye ardhi akiwa jamii yenyewe.

Ningependa kuishia hapo, hadithi itimie. Haikutimia. Baadhi ya wakulima waliupinga uwanja, wakisema unaingilia haki yao ya malisho, na shauri likafika mahakamani. Jamii ikashtakiana na kampuni yake yenyewe. Mzee mwenyeji niliyecheza naye siku ile aliniambia kuwa hadi leo yupo jirani yake asiyekanyaga pale, wala yeye hamlaumu, kwa sababu alichouliza kilikuwa swali la haki: ng'ombe watapita wapi?

Niliposikia maneno hayo, fimbo ilinilegea mkononi.

Miaka kadhaa iliyopita, mwekezaji alifika kijijini kwetu akitaka eneo la malisho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano wa kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi, na mkutano uliitishwa kweli. Mimi nilikuwa likizo. Nilipewa nyaraka nizisome kwa niaba ya wote, kwa kuwa ndiye msomi wao. Nilizisoma kwa usiku mmoja. Asubuhi nikasimama nikazungumza juu ya ajira, barabara na maendeleo yenye gharama zake. Baba mdogo akanyoosha mkono, akauliza, "Na ng'ombe watapita wapi?" Nilimjibu kwamba njia itapatikana. Watu wakacheka kidogo, si kwa kumdharau, bali kwa kuniamini mimi. "Msomi wetu amesema," akasema mmoja, na mikono ikanyooshwa.

Njia haikupatikana. Uzio uliwekwa, mifugo ikazungushwa mbali, na baba mdogo akauza ng'ombe wake mmoja baada ya mwingine. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linalonikosesha raha zaidi. Tuna msemo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilimkaribisha mgeni bila kumuuliza mwenyeji anaumwa wapi.

Pale Askernish majira ya baridi mifugo hulishwa juu ya uwanja, na majira ya mchezo hupisha. Nilicheza mwezi wa Mei, na mara mbili niliuondoa mpira wangu karibu na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Mahali pengine ningelalamika. Pale nilikiona kama saini ya mwenye mali. Sisemi kuwa wakaao pale wameumaliza ugomvi. Ninachosema ni kwamba aliyekosa jibu anajua mlango wa kugonga, na waliomo ndani ni jirani zake, wanaotaka kura yake mwaka ujao. Mwekezaji wa kijijini kwetu ofisi yake sijui iliko hadi leo.

Wanafunzi wangu, na nyinyi watumishi wa umma mnaosoma safu hii, mara nyingi hunitaka nitoe kanuni. Leo ninayo moja tu, nayo nimeipata kwa mzee wa St Andrews aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita: tembea kwanza. Mpango unaoanzia mezani huilazimisha ardhi iufuate, na ardhi isipokubali, hulazimishwa waliomo juu yake. Lakini kanuni hiyo haitoshi bila ile ya wakulima wa South Uist: anayetembea awe anajibika kwa wale anaowapitia.

Jioni, nikisubiri kivuko Lochboisdale, nilimpigia simu baba mdogo. Nilimwamkia, nikamweleza kuhusu kisiwa, vilima na mifugo, kisha nikasema nililopaswa kulisema zamani: kwamba swali lake lilikuwa sahihi, nami nililipuuza kwa sababu sikuwa na jibu. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu," akasema, "hayo usiniambie mimi kwenye simu. Njoo uyaseme mkutanini, pale pale ulipoyasema yale mengine."

Mkutano wa kijiji ni mwezi ujao. Nimeomba ruhusa kazini.