Sista, Mtoto Wangu Yuko Wapi Sasa?

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi katika wodi ya wazazi tumezoea maswali. Mtoto anyonye mara ngapi? Kitovu kitadondoka lini? Mbona macho yake yana umanjano? Majibu ya maswali hayo tuliyasomea. Lakini lipo swali moja ambalo hatukufundishwa chuoni. Huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi usiku, wakati akina mama wengine wamelala na watoto wao ubavuni: "Sista, mtoto wangu yuko wapi sasa?"

Mama anayeuliza hivyo anajua vizuri mwili wa mtoto ulipo. Anauliza habari za roho yake. Na nyuma ya swali hilo kuna jingine linalomtisha zaidi: mtoto hakuwahi kubatizwa, je, Mungu amempokea?

Hili si swali la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Hapo hawajahesabiwa wanaozaliwa wakiwa wamekufa, wala mimba zinazoharibika. Kwa hiyo katika kila parokia na kila usharika wamo akina mama wenye swali hili moyoni, hali wanaimba kwaya na kupika kwenye sherehe kama wengine.

Maneno yanayojeruhi

Tulimhudumia mama mmoja ambaye mzaliwa wake wa kwanza alifariki siku ya pili. Mama mkwe wake, mcha Mungu asiyekosa ibada, aliketi kando ya kitanda akamwambia: "Mwanangu, huyu hakubatizwa. Tumzike kimya kimya, wala tusimwimbie." Hakusema kwa ukatili. Alisema yale aliyoyasikia tangu utoto wake.

Siku ya tatu maziwa yakaja, maana maziwa huja hata kama mtoto hayupo. Tulipompelekea uji, aliusukuma kando. "Ninywe uji nipate maziwa ya nani?" Kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: "Kama angeishi hadi Jumapili angebatizwa, angekuwa mbinguni. Ni Mungu gani huyo anayehesabu siku?"

Sisi tunaotembelea wagonjwa Jumapili alasiri tunatoka makanisa manne: Katoliki, Kilutheri, Kisabato na Kipentekoste. Juma lile kila mmoja wetu alikuwa na jibu lake, na majibu hayakufanana. Tukaona si vema mama mwenye uchungu apewe majibu manne ya haraka haraka. Tukakubaliana kila mmoja aende kwa mchungaji au padre wake, aulize kanisa lake linafundisha nini hasa, kisha turudi tusikilizane. Tuliyoyapata yanaweza kukufaa na wewe.

Makanisa yanafundisha nini?

Hofu ya yule mama mkwe ina historia ndefu. Agostino, askofu wa Hipo huko Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba mtoto anayekufa bila ubatizo hawezi kuingia mbinguni, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote. Wanateolojia wa karne za kati waliona neno hilo ni zito mno, wakasema watoto hao wako mahali paitwapo limbo, pasipo mateso lakini pasipo kumwona Mungu uso kwa uso. Wazee wetu wengi walifundishwa hivyo na wamisionari.

Lakini limbo haikuwahi kuwa fundisho la lazima la imani ya Kikatoliki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inawaweka watoto hao katika huruma ya Mungu. Mwaka 2007, kwa kibali cha Papa Benedikto wa 16, Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa andiko lililoeleza kwamba zipo sababu nzito za kutumaini kuwa wataokolewa. Tena sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinasema kwamba, askofu akiruhusu, mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza anaweza kufanyiwa mazishi ya Kanisa hata kama alifariki kabla.

Upande wa Walutheri, Martin Luther mwenyewe aliandika waraka mfupi mwaka 1542 kuwafariji wanawake waliopoteza mimba au watoto kabla ya ubatizo. Alikataza watu kuwaogofya. Alisema kuugua kwa mama mwamini, hata kusikoweza kutamkwa kwa maneno, ni maombi ambayo Mungu anayasikia. Hakuwa akiongea kutoka mbali. Binti yake Elisabeth alifariki mwaka 1528 akiwa hajatimiza mwaka, na mwaka huo huo wa 1542 akamzika Magdalena, binti wa miaka 13.

Ndugu zetu Wapentekoste hawabatizi watoto wachanga, kwa kuwa kwao ubatizo hufuata imani ya mtu mwenyewe. Hivyo kwao swali la yule mama halipo kabisa: mtoto asiyejua jema wala baya ni wa Bwana. Hupenda kusoma habari za Daudi, aliyefunga na kulia wakati mtoto wake ni mgonjwa, na alipofariki akaoga, akaabudu, akala, akisema kwamba yeye ndiye atakayemwendea mtoto (2 Samweli 12:15-23).

Wasabato nao hawabatizi wachanga, ila jibu lao lina sura nyingine. Kwao mtoto hayuko mbinguni sasa, wala hayuko mahali pa mateso. Amelala, kama Bwana Yesu alivyosema habari za Lazaro (Yohana 11:11-14), hajui lolote mpaka siku ya ufufuo. Ellen White, mmoja wa waasisi wa kanisa hilo, aliandika kwamba siku hiyo malaika watawabeba watoto wadogo na kuwarudisha mikononi mwa mama zao. Naye alijua analosema, maana mwaka 1860 alimzika mwanawe mchanga.

Tulipomaliza kusimuliana tulikaa kimya kidogo. Makanisa manne, njia nne, na hakuna hata moja leo linalomwambia mama kwamba mtoto wake mchanga ametupwa.

Tulirudi kwa yule mama. Kwa kuwa ndoa yake ilikuwa ya Kikatoliki, mwenzetu Mkatoliki ndiye aliyesema, nasi wengine tukanyamaza. Alimweleza yeye pamoja na mama mkwe yale aliyoyasikia kwa paroko. Mama mkwe aliuliza mara mbili, "Padre mwenyewe kasema hivyo?" Kisha akajitanda kanga usoni akalia. Ndipo tukajua kwamba na yeye alikuwa na wake aliyezikwa kimya, miaka mingi nyuma. Ruhusa ilipopatikana, katekista aliongoza mazishi. Mtoto alipewa jina, akaimbiwa. Jioni ile mama alikunywa uji.

Kuhusu ubatizo wa dharura

Akina mama wengi hawajui jambo hili, nasi wauguzi tunaliona kila mara kwa watoto njiti. Kwa Wakatoliki na Walutheri, mtoto akiwa katika hatari ya kufa na hakuna padre wala mchungaji karibu, mtu mwingine anaweza kumbatiza. Humwagiwa maji safi kichwani kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Baadaye jambo hilo hupelekwa parokiani au usharikani ili liandikwe.

Lakini mtoto ni wa wazazi wake. Muuguzi hambatizi mtoto wa mtu kwa siri, kwa kuwa tu yeye anaogopa. Kama unatoka kanisa linalobatiza watoto na mimba yako ina matatizo, sema mapema unapolazwa. Na kama kanisa lako halibatizi wachanga, usione haya kusema hapana.

Tofauti nyingine msibani

Habari za watu wazima ni ngumu zaidi, na hapo makanisa yetu yametofautiana kweli kweli. Tukae msibani tuone. Mama Mkatoliki anaomba Misa kwa ajili ya marehemu. Anaamini kwamba aliyekufa katika urafiki na Mungu, lakini hajatakata kabisa, hutakaswa toharani, na sala za walio hai humsaidia. Mtaguso wa Trento ulilithibitisha fundisho hilo mwaka 1563. Mama Mlutheri anashukuru kwa ajili ya maisha ya marehemu, lakini hajui habari za toharani. Wakatoliki na Waprotestanti wamegombana juu ya jambo hili tangu Luther alipopinga uuzaji wa vyeti vya msamaha mwaka 1517. Mama Mpentekoste anasema marehemu amekwenda moja kwa moja kwa Bwana, kama Paulo alivyotamani (Wafilipi 1:23). Mama Msabato anasema amelala, akisoma Mhubiri 9:5.

Hata aya moja inaweza kusomwa kwa njia mbili. Katika Luka 23:43 Yesu anamwahidi yule mhalifu habari za peponi. Je, anamwambia leo kwamba atakuwa naye, au kwamba leo hii hii atakuwa naye? Maandishi ya kale ya Kigiriki hayakuwa na alama za mkato, na Wasabato huweka mkato baada ya neno leo, wakati wengine huuweka kabla yake.

Juu ya jehanamu napo hatuafikiani. Wengi wanaamini adhabu isiyo na mwisho, wakishika Mathayo 25:46. Wasabato wanaamini waovu watateketea na kutokuwapo tena, wakishika Malaki 4:1. Hata ndani ya Kanisa la Uingereza, Tume ya Mafundisho ilitoa taarifa mwaka 1995 ikieleza jehanamu kuwa ni mtu kumkataa Mungu kabisa mpaka mwisho wake ni kutokuwapo.

Je, tufiche tofauti hizi? Hapana. Mwanamke aliyeolewa katika kanisa jingine anajua haziwezi kufichika. Mtoto wake atauliza, "Mama, babu yuko wapi?", na bibi wa upande mmoja atajibu hivi, na wa upande mwingine vile. Ni vema baba na mama wakae kwanza wao wawili, wakubaliane watakachomwambia. Wanaweza kumwambia: "Sisi tunaamini hivi, bibi anaamini vile, na wote tunaamini Mungu hajamsahau babu." Mtoto anaweza kulibeba jibu hilo. Asichoweza kubeba ni wakubwa wake kugombana juu ya kaburi la babu yake.

Mambo manne ya kushika

Kwanza, lijue vizuri fundisho la kanisa lako mwenyewe. Muulize padre au mchungaji, usitegemee uliyosikia ukiwa mdogo.

Pili, ukienda kwenye msiba wa mwenzio wa kanisa jingine, mwache afarijiwe kwa imani yake. Mjadala una siku yake, na siku ya mazishi siyo.

Tatu, usimpeleke marehemu wa mwenzio jehanamu. Walevi, waliojiua, walioacha kanisa, wote wana mama zao wanaosikiliza unapozungumza. Makanisa yote manne yanafundisha kwamba kuhukumu ni kazi ya Mungu. Sisi wauguzi tumekaa na watu katika saa ya mwisho, tukaona midomo ikicheza bila sauti. Waliyoyasema Mungu ndiye aliyeyasikia.

Nne, usimwambie mama aliyefiwa na mchanga kwamba atapata mwingine, wala kwamba Mungu alihitaji malaika. Mwambie pole. Mwulize jina la mtoto, na kama hakuwa na jina bado, mwulize lile alilokuwa amemchagulia. Kaa naye. Mletee chakula hata baada ya siku arobaini, wakati watu wengine wote wameshaondoka.

Tunapotofautiana juu ya hali ya wafu sasa, tusisahau tunapokutana. Mkatoliki anayewasha mshumaa tarehe 2 Novemba, Msabato anayengoja parapanda, Mlutheri anayerudisha mavumbi kwa mavumbi, na Mpentekoste anayeimba hadi alfajiri, wote wanasema kaburi si mwisho, kwa sababu Yesu alifufuka. Paulo aliwaandikia Wathesalonike habari hizo, kisha akawaagiza wafarijiane kwa maneno hayo (1 Wathesalonike 4:13-18). Hakuwaagiza watishane kwayo.

Basi, dada, kama unaye mtoto uliyezika kimya, mtaje leo kwa jina lake mbele za Mungu. Na kama jirani yako anaye, mwendee.