Jino Lisilozeeka

Mwaka jana mjukuu wangu, akiwa amekaa magotini pangu barazani hapa Ushirombo, alinichungulia mdomoni akauliza: "Babu, mbona jino lako hili moja halijazeeka?"

Nilicheka, lakini swali likanikaa. Jino lenyewe si langu. La kuzaliwa nalo lilikatika mwaka 1987, nilipoanguka na baiskeli nikitoka Uyovu na mzigo wa tumbaku. Mzizi ukabaki. Nilivishwa kwanza kofia ya plastiki, ya kushikizia tu, nami kwa kukosa fedha nikaishi nayo miaka miwili. Plastiki hunywa maji, na pamoja na maji hunywa chai. Ilipofika mwaka wa pili lilikuwa na rangi ya kamba ya katani iliyokaa mvuani, nami nikajizoeza kucheka nimefumba mdomo.

Mke wangu hakuupenda ule ucheshi wa mdomo uliofungwa. Mwaka 1989 aliuza ng'ombe wake, si wangu, wake wa kurithi kwa babaye, akanikabidhi fedha niende Dar es Salaam.

Daktari wa huko alinisimamisha dirishani saa nne asubuhi, taa akaizima. Alinishikia vijino vya mfano kimoja kimoja, akitazama kidogo tu na kugeuza macho, kwani jicho likikodolea rangi kwa muda mrefu huchoka na kudanganya. Aliniambia kuwa meno mawili yanaweza kufanana chini ya taa, kisha yakakosana juani. Jino likatengenezwa kwa kauri iliyochomwa juu ya kikofia cha madini. Kauri hiyo ni jamaa ya kikombe cha chai: feldispa na kwatzi, na rangi yake hutokana na oksaidi za metali zilizochomwa humo humo ndani kwa joto la nyuzi mia kadhaa. Rangi iliyopita motoni namna hiyo, jua na chai vitaifanya nini? Juu yake kuna utandu laini kama kioo, na uchafu hauna pa kushika.

Ila utandu ukiondoka, mambo hubadilika. Mwaka 2009 fundi mmoja, ambaye jina na mji wake naviacha, alilisaga ukingoni kwa sababu lilikuwa likigonga jino la chini. Akanifuta mate, akaniaga. Hakulisugua likarudia ulaini wake. Pale paliposagwa pakawa kama msasa: pakaokota chai hadi ukatokea mstari wa kahawia, na jino la chini likaanza kulika. Kwa miaka mingi niliamini kauri imeoza. Kauri haiozi.

Baada ya lile swali la mjukuu nilikwenda Mwanza. Daktari, binti mdogo, aliniamkia, akaniketisha, akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: "Mzee, jino hili rangi yake ni ile ile. Yaliyobadilika ni haya mengine." Ganda la meno hupungua unene kadiri umri unavyokwenda, na sehemu ya ndani, ambayo ni ya manjano, huongezeka na kuonekana. Akashauri aling'oe lile jino, atengeneze jipya linalofanana na uzee wangu. Bei yake haikuwa mbaya.

Nilimwuliza kama anaweza kuuondoa ule mstari tu. Akanitazama, kisha akachukua kijigurudumu cha mpira, akausugua ukingo kwa dakika chache na kunipa kioo. Mstari haukuwapo. Jino lilikuwa jeupe kama siku lilipowekwa, katikati ya majirani waliokwisha kuzeeka. Mke wangu aliondoka mwaka 2016. Hakuniona nikiwa na jino lingine zaidi ya hilo.

"Unaliacha, mzee?" binti akauliza.

Nilimwambia liko sawa, na kwamba nina basi la saa nane.